Reli Iliyonyooka

Watu wengi watakuambia kwamba maziwa ya mnyaa, ule mti wa uzio, hayana harufu. Yana. Ukikata tawi asubuhi, jua halijapanda, ukawa umeinama karibu, utasikia kitu kama tango bichi lililokatwa kwa panga lenye kutu, halafu koo linakukwaruza kidogo. Wiki iliyopita jirani yangu wa juu alikuwa anapunguza uzio wake, na upepo ukaileta harufu hiyo mpaka jikoni kwangu nilipokuwa namenya mihogo. Niliweka kisu chini. Nikajisikia naita kwa sauti, "Fidelisi, toka hapo!" Fidelisi ni mdogo wangu, lakini sasa ni mtu mzima na yuko Kigoma. Nyumbani hapakuwa na mtu ila mimi na kuku.

Kwetu ni Kumsenga, upande wa Kibondo. Wazazi wetu walitoka Burundi wakiwa wadogo, wakakulia huku, wakapata uraia huku, na baba akafyeka pori kwa mikono yake mpaka likawa shamba. Koo za zamani za hapa zina wazee wanaojua kila jiwe la mpaka na nani aliliweka. Sisi hatukuwa na mzee. Mipaka yetu ilikuwa kichwani mwa baba.

Mama alifariki siku alipomzaa Josepina, mdogo wetu wa mwisho. Baba, tuliyemwita Data kama watoto wote wa nyumba zetu, hakuoa tena. Alitulea yeye. Jioni alitupikia mboga za lengalenga kwa karanga, na tukisubiri ziive alitusimulia habari za treni.

Kabla ya kuoa, Data alikuwa kibarua wa reli kule Uvinza. Kazi yake ilikuwa kushindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo ambayo vyuma vya reli vinalalia. Huku kwetu hakuna reli. Kuiona ilibidi upande basi, upite Kasulu, uendelee kushuka mpaka kule bondeni, na sisi hatukuwahi kwenda hata Kasulu yenyewe. Kwa hiyo treni yetu ilikuwa ya mdomo wa Data. Alikuwa anapiga honi yake kwa kuziba pua. Alitaja stesheni kwa mpangilio, Kigoma, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, na Josepina ambaye alikuwa hajui kuhesabu vizuri alizijua zote mpaka Tabora.

"Treni ni kama ng'ombe mvivu," alikuwa akisema. "Haipendi mlima. Ikikutana na mlima haibishani nao, inauzunguka."

"Ikizunguka haipotei?" Fidelisi akauliza.

"Itapoteaje na njia tumeitandika wenyewe?"

Alituahidi kwamba tukishavuna maharage atatupeleka Uvinza tukaione. Mvua za mwaka ule zilipokuwa katikati aliumwa tumbo. Alipelekwa Kibondo mjini, akarudishwa amefunikwa. Tulimzika pembeni mwa nyumba, karibu na mama, na mimi niliyekuwa darasa la saba nikawa mkubwa wa nyumba.

Baba Mdogo Lazaro, mdogo wake Data, alikuja mazishini kutoka Rungwe Mpya, kule Kasulu, na begi moja na redio. Matanga yalipopoa watu wengine waliondoka, yeye akabaki. "Siwezi kuwaacha watoto wa kaka yangu kama vifaranga," aliwaambia majirani. Akalala chumba cha Data. Nilishukuru. Nataka mlioachwa wadogo kama mimi mnielewe hapo: kusikia mtu mzima anakohoa ndani ya nyumba asubuhi kulinipa usingizi.

Fidelisi alikuwa ameacha kusema. Anaitikia kwa kichwa, anakula, analala. Siku moja nilimkuta bustanini nyuma ya jiko amepiga magoti, anachimbua mfereji mwembamba kwa kijiko. Bustani yetu ilishuka kutoka jikoni mpaka kwenye kijito, juu kuna migomba na mihogo, chini kwenye unyevu kuna kabichi, lengalenga na maharage. Nilidhani anachimba kwa sababu ya uchungu tu, nikataka kumkataza, kwa kuwa watu wanasema vibaya wakiona jembe linaingia ardhini wakati wa msiba. Nikaona si jembe, ni kijiko. Nikamuuliza anafanya nini.

"Kigoma iko hapa," akasema, akionyesha mawe matatu ya jiko la zamani. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza baada ya siku nyingi.

Hivyo reli ikaanza. Vyuma vyake vilikuwa mianzi iliyopasuliwa. Kokoto tuliokota kijitoni. Kwa mataruma Fidelisi alikata miti ya mihogo, na hapo ndipo tulipochekesha watu, kwa sababu miti ile ilikuwa mibichi na mvua zilikuwa bado zinanyesha. Baada ya muda mfupi kila taruma likaota majani, treni ikawa inapita msituni. Treni yenyewe ilikuwa kopo la mafuta ya msaada, wa rika langu mnayakumbuka, yale marefu yaliyotoka kambini kwa wakimbizi, tukalikata ubavuni na kulitia magurudumu ya ndala chakavu. Makopo ya samaki yalikuwa mabehewa. Josepina alilivuta kwa kamba ya mgomba huku ameziba pua, anapiga honi.

Reli ile ya kwanza ilipinda. Ilitoka jikoni, ikazunguka shina la mgomba wa kwanza, ikakwepa kichuguu, ikateremka polepole ikienda kushoto na kurudi kulia, mpaka kijitoni ambako Fidelisi aliweka Dar es Salaam. Alisema kule kuna maji mengi. Alifuata maneno ya Data kama mtu anayesoma.

Baba Mdogo alikuja kututazama jioni moja, mikono nyuma. Aliangalia yale mataruma yaliyoota, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Nyie watoto! Mmepanda reli au mmepanda muhogo?"

"Tutayatoa," Fidelisi akasema.

"Usiyatoe kwanza." Akachuchumaa, akagusa chipukizi moja kwa kidole. Leo naamini wazo lilimjia pale pale, juu ya taruma la muhogo. Wakati ule niliona mtu mzima ameshughulika na mchezo wa watoto, na moyo wangu ukamwendea.

Kesho yake alikuja na kamba ya katani na vigingi. "Stesheni Masta!" akamwita Fidelisi. "Hii reli yako imelewa? Reli ya kweli inanyooka."

"Data alisema inazunguka."

"Data yako aliiona reli akiwa ameinama na sururu. Mimi niliipanda treni, nikachungulia dirishani. Imenyooka kama hii kamba. Mnataka treni ianguke, abiria wafe?" Akamgeukia Josepina. "Wewe abiria, unataka kufa?"

"Oya!" Josepina akakataa kwa kelele, kwa Kirundi cha nyumbani.

"Mmesikia abiria."

Fidelisi alinitazama. Nami nikamwambia, Baba Mdogo amesafiri, anajua. Tukang'oa reli ya kwanza. Baba Mdogo akafunga kamba kwenye mparachichi ulioko upande mmoja wa bustani, akaivuta mpaka kwenye jiwe kubwa lililoko upande wa pili, akaikaza. Ilikata bustani katikati, jikoni na migomba juu, kijito na mboga chini. Mparachichi ukawa Kigoma, jiwe likawa Dar es Salaam. Dar es Salaam haikuwa na maji tena, na Fidelisi alinung'unika kwa hilo, akapewa betri mbili kuukuu za redio ziwe taa za stesheni. Akanyamaza. Tulitandika reli mpya kwa siku kadhaa, na kwa kweli ilipendeza. Ukilala kifudifudi kwenye mparachichi ulikuwa unaona mianzi yote miwili inakimbia mpaka mwisho.

Kisha akaleta mzigo wa vijiti vya minyaa. Alikuwa ameviacha kivulini vikauke maziwa, kama inavyotakiwa. "Reli bila uzio," akasema, "ng'ombe watalala juu yake."

Alichagua Jumapili baada ya kanisa. Alimwalika balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mnene aliyevaa kiatu cheusi cha kufunga hata shambani, na majirani wawili watatu. Kulikuwa na kibuyu cha pombe ya ndizi na mirija. Baba Mdogo alichukua vijiti vya minyaa kwa mikono miwili akampa Fidelisi, akanipa mimi, tukapanda kimoja kimoja kandokando ya reli, kutoka mparachichi mpaka jiwe. Wakubwa walitufuata nyuma, wakinywa, wakituelekeza. Tulipomaliza, Baba Mdogo alitupatia mrija wake. "Leo tunazindua. Stesheni Masta, onja. Mama Reli, na wewe onja." Mama Reli nilikuwa mimi. Nikaonja, ilikuwa chungu na tamu, na balozi naye akavuta kutoka mrija ule ule. Josepina akapitisha kopo mara ya kwanza. Lilipokwama, balozi alilisukuma kwa ncha ya kiatu chake na wote wakapiga makofi.

Nilifurahi. Nimejaribu miaka yote hii kuiharibu furaha ya siku ile na imekataa kuharibika. Jioni Fidelisi alisimulia mambo mpaka akapitiwa na usingizi katikati ya neno. Nikaenda kaburini kwa Data nikamwambia kwamba tuko salama, ametuachia mtu.

Sikujua kwamba kwetu mpaka wa mashamba ya ndugu hupandwa namna hiyo. Mmoja analeta miche, mwingine anaipanda kwa mkono wake, jirani anatazama, halafu wote wanakunywa kwa mrija mmoja. Hakuna anayetoa tangazo. Hakuna anayeeleza. Watoto hawajui, kwa sababu watoto hawagawani mashamba.

Mwaka uliofuata mchwa walikula mianzi. Mvua ikachukua kokoto. Fidelisi alitengeneza tena na tena, lakini alikuwa anakua, na mpira wa miguu ulikuwa umemteka. Baba Mdogo hakuigusa reli. Minyaa ndiyo aliyoitunza. Penye pengo alichomeka kijiti kipya, kiangazi aliimwagilia maji ya kijito kwa kopo lile lile la treni. Nilipomwona nilimwambia Fidelisi, "Angalia, Baba Mdogo anaitunza reli yako, wewe umeitupa." Fidelisi aliona aibu.

Minyaa ilipofika kimo cha Josepina, ukafika wakati wa kuganduka. Kuganduka ndiyo siku ya kumaliza msiba kabisa. Watu wanakusanyika, wananyoa, wanakunywa, kazi zote zinafunguliwa, na walioachwa wanatembezwa shambani kuonyeshwa mali ya marehemu. Nilikuwa kidato cha kwanza. Niliomba ruhusa shuleni, nikapika toka alfajiri. Nilitaka Data amalizwe vizuri.

Mchana tukatembea. Mpaka wa juu, sawa. Mpaka wa upande wa barabara, sawa. Tulipofika bustanini Baba Mdogo akasimama kwenye mparachichi, akaweka mkono juu ya minyaa kama mtu anayemshika ng'ombe wake.

"Na huu ndio mpaka wangu na kaka," akasema. "Pori hili tulilifyeka wote wawili. Kabla ya kuumwa alisema nichukue chini, yeye abaki juu. Sikupenda kuligusa wakati wa msiba. Lakini alama iliwekwa, na balozi alikuwepo."

Watu wakamtazama balozi. Balozi akatazama kiatu chake.

"Data alifyeka peke yake," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Mwanangu, ulikuwepo? Ulikuwa bado hujazaliwa." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Kisha akamgeukia Fidelisi. "Sitaki kusema mengi. Waulizeni watoto wenyewe. Stesheni Masta, minyaa hii nani aliipanda?"

Fidelisi akajibu haraka, karibu kwa majivuno. "Sisi. Mimi na dada."

"Vijiti nani alileta?"

"Wewe."

"Na baada ya kupanda tulifanya nini?"

"Tulikunywa." Hapo akaanza kuona. Nilimwona uso ukibadilika. "Lakini siyo mpaka. Ni reli."

"Ni nini?"

"Reli. Inatoka Kigoma." Akaonyesha mparachichi. "Dar es Salaam ni pale kwenye jiwe."

Mtu mmoja akacheka kwa pua, halafu wakacheka wengi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekunywa, mtoto amesema jambo la kuchekesha. "Kumbe Kumsenga tuna treni!" mmoja akasema. "Balozi, ulituficha!" Fidelisi alipiga magoti, akaanza kufukua majani kwa mikono, akitafuta mwanzi, taruma, hata kokoto, kitu chochote cha kuwaonyesha. Mchwa hawakuwa wameacha kitu. Alipata gurudumu moja la ndala, akalinyanyua juu. Wakacheka zaidi.

Nilimwendea balozi. "Mzee, wewe uliisukuma treni kwa kiatu chako. Waambie."

"Nilisukuma kopo, binti yangu," akasema bila kunitazama. "Watoto walikuwa wanacheza. Na mpaka ulikuwa unapandwa. Yote mawili niliyaona."

Hakusema uongo. Aliachilia tu neno moja liende, kwamba watoto wale hawakujua. Neno hilo alikuwa nalo mdomoni, akalimeza na pombe ya Baba Mdogo. Siku zote namhesabia yeye nusu ya kosa.

Basi kijito kikaenda kwa Baba Mdogo. Kabichi, lengalenga na maharage yakaenda, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vinanunua sabuni, daftari na chumvi yetu. Kabla ya mavuno yaliyofuata Baba Mdogo alikuwa amejenga nyumba ya bati kule chini na kumleta mkewe kutoka Rungwe Mpya. Nami niliacha shule muhula wa pili. Mwalimu alinifuata mpaka nyumbani, nikamwambia nitarudi. Nilikwenda kulima mashamba ya watu, na siku za gulio niliuza mihogo ya kuchemsha. Sikuacha hata siku moja. Fidelisi na Josepina walisoma, walivaa, walikula. Hilo nalisema kwa kuwa ndilo ninalo.

Asubuhi moja baada ya kuganduka nilisikia panga. Fidelisi alikuwa anaikata minyaa, shina kwa shina, kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam, analia kwa sauti. Maziwa yalikuwa yanaruka kama mate. Niliita atoke. Nilipomfikia alikuwa ameshashika jicho la kushoto. Nilimwosha kwa maji, jirani aliyekuwa ananyonyesha akaja akamkamulia maziwa yake jichoni, tukaenda zahanati. Jicho halikurudi. Limebaki na wingu jeupe, kama kokoto.

Baba Mdogo alikuja kumwangalia. Alisimama mlangoni akatikisa kichwa. "Angeniambia tu inamsumbua, ningeipunguza mwenyewe."

Na minyaa ikaota. Mnyaa ukikatwa hauchukii, kila shina likatoa matawi mengi, na vile vijiti alivyoviangusha Fidelisi chini vikaota vilipoangukia. Ule uzio ulikuwa mwembamba. Baada ya panga la mdogo wangu, hata kuku hapiti.

Baba Mdogo bado yuko hai. Ananisalimia kila asubuhi ng'ambo ya minyaa, "Umeamkaje, Mama Reli?" nami namwitikia, kwa sababu nimelelewa. Josepina alipoolewa, ni Baba Mdogo aliyekaa kwenye kiti cha baba. Mila hairuhusu kiti kile kikae wazi. Nilimletea maji ya kunawa mwenyewe.

Fidelisi alikaa hapa muda mrefu kuliko alivyotaka, kwa ajili yangu, nadhani. Mwaka huu nikamwambia aende akatafute maisha. Akapanda basi, akapita Kasulu, akashuka bondeni mpaka Kigoma. Nilimwambia akifika atafute chumba kwanza, halafu anipigie. Alinipigia mchana, nyuma yake nikasikia watu wengi na chuma kinagongwa.

"Dada, niko stesheni."

"Si nilikuambia chumba kwanza?"

"Nimeiona."

Nikatoka nje na simu, nikasimama nyuma ya jiko. "Ikoje?"

Kule kwake chuma kikagongwa tena.

"Inapinda, dada," akasema. "Inatoka hapa stesheni, haijaenda hata mbali, inapinda. Inazunguka kilima. Nimesimama hapa na jicho langu moja naiona kabisa. Inapinda kama ile ya kwanza."

Mbele yangu minyaa ilikuwa imenyooka kama kamba, kutoka mparachichi mpaka jiwe. Kule chini redio ya Baba Mdogo ilikuwa inaimba.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Bado."

"Nenda kale."

Alipokata simu niliitia kwenye khanga. Kisha nikaanza pale kwenye mawe matatu ya jiko la zamani, ambayo bado yapo, nikatembea polepole. Nikazunguka mgomba wa kwanza, nikakwepa kichuguu, nikaenda kushoto, nikarudi kulia, nikiteremka kuelekea kwenye maji, mpaka minyaa iliponizuia.